Shajara ya mradi: kitomeo cha "steal" na "rob" kwa msomaji wa Kiswahili

Siku ya 1

Kazi yenyewe ni kuandika kitomeo kimoja cha kamusi ya mwanafunzi kinacholinganisha vitenzi viwili vya Kiingereza, "steal" na "rob". Kamusi ndogondogo huvipa vyote viwili neno "iba", kisha huongeza "nyang'anya" au "pora" kwa hicho cha pili, na hapo hukoma. Mwanafunzi anayetegemea maelezo hayo hutoka na sentensi kama hizi:

I was stolen my phone.
They robbed my phone.
Thieves stole the bank.
They robbed him his money.

Zote nne ni mbovu kwa Kiingereza sanifu, na zote nne zimebeba Kiswahili safi ndani yake: "Niliibiwa simu." "Waliipora simu yangu." "Wezi waliiba benki." "Walimnyang'anya pesa zake." Mwandishi wake hajabahatisha hata mara moja. Amefuata sarufi anayoijua barabara, sarufi ya Kiswahili, na ndiyo maana kumwambia tu "umekosea" hakumsaidii. Kitomeo kinachotakiwa ni kile kitakachomwonyesha ni wapi hasa lugha hizi mbili zinaachana.

Vifaa vya mradi: orodha ya sentensi 24 za majaribio, 12 kwa kila kitenzi, zikiwa zimechanganywa watu, vitu, mahali na mambo yasiyoshikika kama usingizi na heshima. Kila kanuni itakayoandikwa lazima ipite katika sentensi zote 24. Ikishindwa moja, inarudi mezani.

Siku ya 2

Rasimu ya kwanza imetupwa.

Ilijengwa juu ya tofauti inayofundishwa madarasani mara nyingi: "steal" ni kuiba kwa siri, "rob" ni kuiba kwa nguvu. Inakaririka upesi na inapendeza masikioni, lakini haikumaliza hata nusu ya orodha. Zilizoiangusha ni hizi.

"Grave robbers" ni wezi wa makaburini. Maiti hatishiwi kwa kisu wala hapigwi, na bado neno ni "rob".

"Our house was robbed while we were away." Nyumba haikuwa na mtu. Nguvu ilitumika juu ya nani?

"The noise robbed her of sleep." Kelele zilimnyima usingizi. Hakuna mwizi hapa, sembuse silaha.

Upande wa pili nao: "They stole the car at gunpoint." Bunduki ipo, mwenye gari yupo na anatetemeka, na kitenzi ni "steal" bila kasoro yoyote.

Sentensi iliyomaliza ubishi inahusu tukio la kweli. Tarehe 8 Agosti 1963, genge moja lilisimamisha treni ya posta iliyokuwa ikitoka Glasgow kwenda London, likampiga dereva kichwani na kuondoka na takriban pauni milioni 2.6. Kwa Kiingereza tukio hilo linasimuliwa hivi: "The gang robbed a train and stole about 2.6 million pounds." Genge ni lilelile, usiku ni uleule, nguvu ni ileile, ila vitenzi ni viwili. Ukivibadilishana, "stole a train and robbed 2.6 million pounds", nusu ya kwanza inasema genge liliondoka na treni yenyewe, na nusu ya pili haisomeki. Nguvu haiwezi kuwa ndiyo inayovitenganisha, kwa sababu hapa haikubadilika.

Siku ya 3

Kanuni mpya, na hii imepita katika sentensi 22 kati ya 24:

Kilichoondoka na mwizi ndicho cha "steal". Kilichobaki pale pale, kikiwa kimepungukiwa, ndicho cha "rob".

Pesa ziliondoka: stolen. Treni ilibaki kwenye reli: robbed. Simu iliondoka: stolen. Mwenye simu alibaki amesimama kando ya barabara: robbed. Benki haibebeki, kwa hiyo "steal a bank" inamfanya msomaji wa Kiingereza awaze watu wanaong'oa jengo na kulipakia kwenye lori.

Mfano mzuri zaidi wa kufundishia ni gari, kwa kuwa gari linaweza kukaa pande zote mbili:

They stole the car. Gari halipo.
They robbed the car. Gari lipo, ila redio, begi na vilivyokuwa ndani vimeondoka.

Mtu naye anaweza kukaa pande zote mbili. "They robbed the child" maana yake mtoto alinyang'anywa alichokuwa nacho, naye akabaki. "They stole the child" maana yake mtoto mwenyewe alichukuliwa. Ndiyo maana nchini Australia watoto wa wenyeji wa asili waliotenganishwa na wazazi wao kwa sera za serikali huitwa "Stolen Generations". Neno "robbed" lingesema jambo jingine kabisa. Hapo ndipo uzito wa "I was stolen" unapoonekana. Aliyeandika hivyo akimaanisha amepoteza simu amemwambia msomaji kwamba alitekwa.

Mchoro wa Mona Lisa umetiwa kwenye kitomeo kama mfano wa upande wa kitu: uliibwa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, tarehe 21 Agosti 1911, na Vincenzo Peruggia, na ukapatikana Florence mwaka 1913. "The painting was stolen." Mchoro uliondoka. Ubavuni mwake umewekwa mfano wa treni ya 1963, ili msomaji aone picha mbili kwa jicho moja.

Sentensi mbili zilizogoma zinahusu matumizi ya mazungumzo. Ireland na sehemu za kaskazini mwa Uingereza husikika watu wakisema "Who robbed my pen?" kwa maana ya "Nani kaiba kalamu yangu?" Wanaosema hivyo ni wazawa wa lugha na wanaelewana vizuri. Kitomeo kitayataja kama matumizi yasiyo rasmi, pamoja na onyo kwamba kwenye mtihani, barua ya kazi au taarifa ya polisi yatahesabiwa kuwa kosa.

Siku ya 4

Leo ni Kiswahili chenyewe. Hii ndiyo sehemu ambayo kitomeo kilichoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa lugha nyingine hakiwezi kutufaa nayo.

Kiingereza hubadilisha neno zima. Kiswahili hubaki na mzizi mmoja, -ib-, na kuupachika viambishi:

iba: Mwizi ameiba simu.
ibwa: Simu imeibwa.
ibia: Mwizi amemwibia Asha simu.
ibiwa: Asha ameibiwa simu.

Sasa itazame kwa karibu sentensi moja tu, "Asha ameibiwa simu." Kiambishi -i- cha kauli ya kutendea ndicho kilichomwingiza Asha katika sentensi: bila hicho, "iba" ina nafasi ya kitu kinachoibwa tu. Kikishaingia, kitenzi kinabeba shamirisho mbili, simu ikiwa kipozi (kinachotendwa moja kwa moja) na Asha akiwa kitondo (anayetendewa). Halafu kiambishi -w- kinampandisha Asha hadi kuwa kiima, na simu inabaki nyuma ya kitenzi ilipokuwa, haikuguswa. Kazi yote hiyo imefanywa na viambishi viwili.

Mwanafunzi anapotafsiri, anatafuta neno la kila kipande: Asha, ameibiwa, simu. "Asha was stolen a phone." Kila kipande kimepata mwenzake. Lakini "steal" haina pa kumweka aliyetendewa kama kiima cha kutendwa. Kiima chake cha kutendwa ni kitu kilichoondoka tu. Ukimtaka Asha akae mbele katika muundo huohuo, lazima uiache "steal" na uchukue "rob".

Kwa hiyo kitomeo kimepata jaribio lake la nyumbani:

Ukiweza kusema kwa Kiswahili kwamba kiima "kimeibwa", tumia "stolen".
Ukiweza kusema kwamba "kimeibiwa", fikiria "robbed".

Simu imeibwa, stolen. Benki imeibiwa, robbed. Mkufu umeibwa, stolen. Abiria wameibiwa, robbed.

Tahadhari ya lazima: wasemaji wengi siku hizi husema "simu imeibiwa" na "gari limeibiwa" pale ambapo "imeibwa" na "limeibwa" ndizo zinazotarajiwa. Jaribio hili linafanya kazi kwa anayezitenga kauli hizo mbili. Asiyezitenga arudi kwenye swali la siku ya 3: kipi kiliondoka, kipi kilibaki?

Kuna tego jingine lililotokea tulipokuwa tukipanga mifano ya "ibia". Kauli ya kutendea ina sura mbili. "Alimwibia mama yake mkate" inaweza kuwa mkate ni wa mama na mwana kauchukua, au mkate ni wa watu wengine na mwana kauiba ili mama ale. Muktadha ndio huamua. Kiingereza kinaruhusu muundo wa shamirisho mbili kwa "steal", ila kwa maana moja tu, ile ya kumfaidia mtu. "He stole his mother a loaf" ni kumletea mama mkate. Basi "They stole me my phone" inasikika kama wezi walifanya kazi kwa niaba yako. Kitomeo kimeweka sentensi hiyo ikiwa na alama ya kosa, pamoja na maelezo ya namna inavyosikika kwa msemaji wa Kiingereza, kwani kosa linaloeleweka halirudiwi kirahisi.

Siku ya 5

Swali lililobaki jana: kama msemaji anataka kusema "niliibiwa simu", akitaja mtu na simu pamoja, bila kudokeza kwamba alitishwa au kupigwa, Kiingereza kinampa nini?

Njia zilizopo, kwa mpangilio wa usalama:

"My phone was stolen." Hii ndiyo ya kawaida kabisa. "My" inafanya kazi ya Kiswahili chote cha "ni-...-iwa": inamtaja mwenye mali bila kumfanya kiima.

"Someone stole my phone." Ya mazungumzo, na haina kasoro.

"I had my phone stolen." Hii ndiyo inayokaribia zaidi umbo la "niliibiwa simu", kwa sababu mtu anakaa mbele na ndiye aliyepatwa. Muundo wake ni "have", kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la "stolen". Mpangilio ni kila kitu hapa. Ukihamisha neno moja ukasema "I had stolen my phone", umesema kwamba wewe ndiye ulikuwa umeiiba simu yako. Kwenye taarifa ya polisi tofauti hiyo si ndogo. Tumeandika sentensi hizo mbili zikifuatana, mstari juu ya mstari, na neno "stolen" likiwa limekolezwa wino, jicho lione lilipohamia.

"I was robbed of my phone." Sahihi kisarufi, ila nzito na rasmi, na inadokeza makabiliano.

"I was stolen from." Inawezekana, lakini simu haina pa kukaa, na sentensi inaishia kwenye kihusishi ikining'inia. Hatuipendekezi kwa anayeanza.

Siku ya 6

Vihusishi. Sehemu fupi kwa maneno, ndefu kwa makosa.

Steal + kitu + from + mtu au mahali: They stole a laptop from the office.
Rob + mtu au mahali + of + kitu: They robbed the passengers of their luggage.

Ukiangalia vizuri, mpangilio umegeuzwa kichwa chini: kinachotangulia kwa kitenzi kimoja ndicho kinachofuata kwa kingine. Na kihusishi hakibadilishani. "Robbed the money from him" na "stole him of the money" zote zina alama ya kosa.

"From" haimsumbui mtu, kwani ni "kutoka kwa". Linalosumbua ni "of", kwa sababu mwanafunzi ameizoea kama "-a" ya umilikaji: "the door of the house", mlango wa nyumba. Hapa "of" haimiliki chochote. Inaonyesha kilichotengwa na mtu. Dawa ni kuionyesha pamoja na ndugu zake wenye muundo uleule: "deprive someone of something", kumnyima au kumkosesha, "strip someone of something", kumvua, kwa mfano cheo, "rid a place of something", kupaondolea, "cure someone of something", kumponya. Vyote vinaweka kwanza anayebaki, kisha "of", kisha kinachomtoka. Aliyezishika nne hizo hatahangaika na "rob ... of".

Kosa la "They robbed him his money" linatokana na "nyang'anya", ambacho hubeba mtu na kitu bila kihusishi: "walimnyang'anya mkoba". Hapo mwanafunzi anahitaji kukumbushwa kwamba kati ya mtu na kitu lazima pakae "of", au aepuke yote kwa kusema "They snatched his bag."

Tumejiuliza kama chimbuko la maneno liingie. Limeingia, mistari mitatu tu, kwa sababu linasaidia kumbukumbu. "Steal" ni neno la asili la Kiingereza, Kiingereza cha Kale kiliandika "stelan", na lina undugu na "stealth", unyemelezi. "Rob" liliingia karne ya 13 kutoka Kifaransa cha Kale, "rober", ambacho nacho kilitokana na mzizi wa Kijerumani wa kupora. Kutoka mzizi huohuo Kiingereza kina "bereave", na "bereaved" ni mtu aliyefiwa.

Hapo hatukuweza kupita bila kusimama. "Fiwa" imeundwa kama "ibiwa": fa, fia, fiwa, iba, ibia, ibiwa. Aliyebaki anapandishwa kuwa kiima, na aliyeondoka anatajwa nyuma. Kiingereza kilihitaji maneno mawili yenye asili moja, "robbed" na "bereaved", ili kuwasemea watu wawili wanaobaki mikono mitupu, na Kiswahili kinawasemea kwa viambishi vilevile. Ni ulinganifu mzuri mno kuuacha, na utasaidia pia kuzuia kosa la "He was died by his father", ambalo lina mzizi huohuo wa kisarufi.

Siku ya 8

Baada ya kuitupa nguvu siku ya 2, leo imebidi tuirudishe kwa mlango wake halali.

Kanuni ya kilichoondoka na kilichobaki inaamua kitenzi gani kinawezekana kisarufi. Haisemi msikilizaji atawaza nini. Kiima au shamirisho ya "rob" ikiwa mtu, msikilizaji huwaza makabiliano: kisu, bunduki, vitisho, au kile ambacho mitaani huitwa kupigwa ngeta au kukabwa roba. Aliyechomolewa pochi kwenye basi bila kujua, kisha akasema "I was robbed", ataulizwa kama ameumia. Kwake yeye yafaa zaidi "My wallet was stolen" au "I had my pocket picked". Aliyekabwa anaweza pia kusema "I was mugged".

Shamirisho ikiwa mahali, dokezo hilo hulegea. "The shop was robbed" inaweza kuwa mchana wenye milio ya risasi na vilio, au usiku wa manane duka likiwa tupu.

Kinachoondoka kikiwa jambo lisiloshikika, nguvu hutoweka kabisa: "The injury robbed him of his sight." Jeraha lilimpofusha. Hapa Kiswahili hakitumii "iba" wala "pora", hutumia "kumnyima", "kumkosesha" au kitenzi cha jambo lenyewe.

Halafu sheria. Sheria ya Wizi ya Uingereza na Wales ya mwaka 1968 inatenganisha makosa haya kwa ukali ambao mazungumzo hayana. Kifungu cha 1 kinaeleza "theft": kuchukua kwa hila mali ya mwingine kwa nia ya kumkosesha moja kwa moja. Kifungu cha 8 kinaeleza "robbery": mtu anaiba, na papo hapo au muda mfupi kabla ya hapo, ili aibe, anatumia nguvu juu ya mtu au anamtia hofu ya kutumiwa nguvu. Kifungu cha 9 ni "burglary", kuingia jengoni bila haki kwa nia ya kuiba au kutenda makosa mengine yaliyotajwa humo. Zingatia kwamba kifungu cha 8 chenyewe kinatumia kitenzi "steals" ndani ya maelezo ya "robbery": kisheria, kila "robbery" ina wizi ndani yake, lakini si kila wizi ni "robbery". Adhabu nayo iko mbali: kifungo cha juu cha "theft" ni miaka 7, cha "robbery" ni maisha.

Matokeo yake kwa mwandishi na mfasiri: "Our house was robbed", iliyo sawa kabisa nyumbani, kisheria pengine ni "burglary". Anayeandika taarifa rasmi aandike kilichotokea, kipi kilichukuliwa na kama mtu alitishwa, kabla ya kuchagua jina la kosa. Kwa upande wa Kiswahili, "theft" ni wizi, na "robbery" ni unyang'anyi au wizi wa mabavu, kutegemea nchi anakoandikia. Kutafsiri "robbery" kwa "wizi" peke yake kunafuta kile hasa kinachopandisha adhabu.

Siku ya 9

Nomino. Tuliingia tukidhani zitafuata vitenzi moja kwa moja, na kwa sehemu kubwa zinafuata.

Steal: theft, thief, wingi thieves.
Rob: robbery, robber, wingi robbers.

Ona kwamba "steal" haina mtenda wa kawaida kutoka mzizi wake. "Stealer" hutokea katika maneno machache ya kuungana kama "scene-stealer", mwigizaji anayevuta macho yote. Mwanafunzi anayeandika "the stealer ran away" amefuata mantiki nzuri na kupata neno ambalo hakuna anayelisema. Ni "thief".

Maneno ya kuungana: kitu + theft, kama "car theft" na "identity theft", mahali + robbery, kama "bank robbery" na "train robbery". Kanuni ileile ya kuondoka na kubaki. Kisha ikaja "jewel robbery", na vito ndivyo vilivyoondoka! Nomino ni legevu kuliko kitenzi: "robbery" ikishakuwa jina la tukio, inakubali kuongozwa na kitu kilicholengwa. Kitenzi hakilegei hivyo, na "they robbed the jewels" bado ni kosa. Kitomeo kimelisema hilo waziwazi, badala ya kuacha msomaji akutane nalo kwenye gazeti na kutilia shaka kanuni nzima.

Siku ya 10

Tahajia na matamshi, upesi.

Steal, stole, stolen. Hakuna "stealed". Baada ya "was", "were", "has", "have" na "had" ni "stolen": "It was stole" haikubaliki katika Kiingereza sanifu. Hutamkwa sawasawa na "steel", ile chuma cha pua, kwa irabu ndefu. Ukiifupisha unapata "still".

Rob, robbed, robbing, kwa b mbili. Ukiandika b moja unapata "robed", yaani aliyevishwa joho, na irabu inabadilika pia. Na kwa kweli "robe" ni ukoo mmoja na "rob": nguo ilikuwa ngawira, kitu cha kumvua mtu. "Robbed" ni silabi moja, "ed" haisikiki peke yake.

Siku ya 11

Nahau na matumizi ya mbali. Tumechagua chache zinazokutana na msomaji mara kwa mara.

"Steal" bila shamirisho: "He never steals", haibi kamwe. "Rob" bila shamirisho ni nadra. Swali la "What did they rob?" msikilizaji atalielewa kama "waliiba mahali gani?", na la "What did they steal?" kama "walichukua nini?"

"Steal" ya unyemelezi: "She stole out of the room", alitoka chumbani kwa kunyata. Hakuna kilichoibwa. "Steal a glance" ni kutupa jicho la wizi, na hapa lugha mbili zimekutana bila kupanga.

"Steal the show", kuwafunika wengine wote jukwaani.

"It's a steal" na "It's daylight robbery" ni jozi inayowachanganya watu, kwani zote zinatajwa dukani. Ya kwanza inasema bei ni ya chini mno, kana kwamba mnunuzi ndiye mwizi. Ya pili inasema bei ni ya kupaa, na mwuzaji ndiye anayekukaba mchana kweupe. Kilichogeuka ni nani anamwibia nani.

"Rob Peter to pay Paul", kukopa huku ili kulipa kule. Ni "rob" kwa sababu Peter ni mtu, naye anabaki na pengo.

"We was robbed!" ya mashabiki wa michezo ni sarufi isiyo sanifu inayotamkwa kwa makusudi, kwa maana ya kudhulumiwa ushindi. Sanifu ni "We were robbed."

Siku ya 13

Kitomeo kimefungwa kwa umbo hili. Mstari wa kwanza ni swali: kipi kiliondoka, kipi kilibaki? Wa pili ni jozi ya gari. Kisha jaribio la "imeibwa" na "ameibiwa" likiwa na tahadhari yake, njia nne za kusema "niliibiwa simu", jedwali la "from" na "of", sanduku la sheria, nomino, tahajia na nahau sita. Sentensi zote 24 zinapita, zile mbili za mazungumzo zikiwa na alama ya "si rasmi".

Sanduku la sheria lilikuwa limewekwa juu, likahamishwa chini ya vihusishi. Likiwa juu, msomaji anaanza tena kuwaza nguvu kabla hajajifunza kuuliza kilichoondoka.

Jozi inayofuata foleni ni "borrow" na "lend". Kiswahili kina "azima" inayokwenda pande zote mbili, na kwa pesa kina "kopa" na "kopesha" zinazotengana kwa kiambishi kimoja. Orodha mpya ya sentensi 24 imeanza kuandikwa, na ya kwanza ndani yake ni "Can you borrow me a pen?"